Flashi Iliyokataa Kugawanywa

“Shemeji, flashi hii haigawanyiki. Imeshagawanywa tayari.”

Hapo ndipo tulipomwacha Mdarizi wiki iliyopita, amesimama nyuma ya kiti cha Fundi Bisibisi, kastabini kidoleni, roho juu. Baadhi yenu mmeniandikia maneno makali kwa kuwakatia pale. Nimeyasoma yote na sijutii hata moja. Haya, twende.

“Imeshagawanywa na nani?” Mdarizi aliuliza.

“Si na mimi.”

“Wewe ndiye uliyeishika saa nzima!”

“Nimeishika, sijaigawa. Nimejaribu mara tatu kuigawa na mara tatu kompyuta imegoma. Nikaona niichungulie undani. Hebu sogea uone mwenyewe.”

Kwa anayejiunga leo, mambo yako hivi. Mume wa Mdarizi alifariki miezi minane iliyopita kwa ajali ya pikipiki, asubuhi ambayo hakuwa na safari yoyote. Aliacha karakana ndogo ya kudarizi yenye cherehani moja ya kompyuta, ile inayosoma mchoro kwenye flashi na kuushona yenyewe. Wifi yake, dada wa marehemu, anadai michoro yote ilikuwa ya kaka yake na kwamba Mdarizi kazi yake ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo cherehani irudi kwenye ukoo.

Baba Mkwe ameitisha kikao leo saa kumi alasiri, palepale karakanani. Mdarizi akithibitisha kwamba Tausi, mchoro ulioipa jina karakana ile, ulitoka mkononi mwake, cherehani inabaki. Akishindwa, inabebwa leo leo, naye anabaki na sifa ya mwizi wa kazi ya marehemu.

Daftari alilochorea Tausi lilinyeshewa paa lilipovuja, likawa uji. Kilichobaki kilikuwa picha alizokusanya kwa wateja wake wa miaka yote, na flashi moja. Moja tu, kwa sababu cherehani ile ina nongwa. Imekataa flashi nyingine tatu na inaipokea hii peke yake. Lakini ukiweka picha humo inaganda, sindano juu, taa inawaka nyekundu. Ndiyo maana alimwomba Fundi Bisibisi aigawe flashi vyumba viwili, kidogo cha michoro ya cherehani na kikubwa cha picha.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari mrefu uliokatwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza kilikuwa kifupi na kiliandikwa MASHINE. Cha pili kirefu, hakina jina. Cha tatu chembamba, kimebanwa pembeni, nacho hakina jina.

“Hiki cha kwanza ndicho unachokijua,” alisema Fundi. “Nikikibofya kinafunguka. Sasa nabofya cha pili. Umeona?”

Maneno yalijitokeza kwenye kioo, karibu yote yamefifia. Lililowaka lilikuwa moja tu. Futa.

“Kuna nini ndani?”

“Sijui, hakiingiliki. Inawezekana ni takataka tu. Flashi za siku hizi zinatoka dukani na mabaki ya ajabu. Ukitaka ushauri wangu, nafuta vyote vitatu, nagawa upya, dakika tano tumemaliza. Kikao utakiwahi.”

Mdarizi alizunguka kiti. Akaenda mlangoni, akarudi. Alikuwa anaigonga kastabini kwenye meza, ko ko ko, mpaka Fundi akamwangalia.

“Futa,” alisema.

Fundi akabofya. Kisanduku kikajitokeza katikati ya kioo kikiuliza kama ana uhakika. Ndiyo au Hapana.

Kidole chake kikasimama juu ya kitufe. Sekunde moja. Mbili. Tano. Jasho lilikuwa linamtoka, na feni ilikuwa inampiga usoni.

“Unangoja nini?”

“Shemeji, kuna jambo sijakwambia.”

“Niambie huku unabofya!”

“Wifi yako alinipigia simu asubuhi. Alisema, ukiletewa flashi ya kaka, ifute yote, ina virusi, itaiua cherehani. Nikaona ni ushauri wa nia njema. Lakini aliniuliza mara tatu, ‘Ukishaifuta, hairudi kabisa?’ Mtu anayeogopa virusi haulizi hivyo.”

Mdarizi alikitazama kile kisanduku. Mwenyewe alikuwa ametamka neno lile. Alikuwa ametamka Futa kwa kinywa chake.

“Ondoa mkono,” alisema taratibu. “Bofya Hapana.”

Fundi akabofya Hapana. Wote wawili wakavuta pumzi.

“Sasa niambie kama unavyomwambia mtoto. Ndani ya hivyo vyumba mna nini?”

“Nikwambie ukweli, nimejidhalilisha,” alisema Fundi Bisibisi, akaitoa bisibisi aliyoichomeka nyuma ya sikio na kuirudisha palepale. “Nimekaa saa nzima nasema flashi mbovu, kumbe mbovu ni hii kompyuta yangu. Imezeeka. Flashi ikiwa na vyumba vingi, yenyewe inafungua cha kwanza tu. Vingine inaviona kwa nje. Kompyuta mpya ndizo zinafungua vyote. Aliyeigawa hii flashi alikuwa na kompyuta mpya na alijua anachokifanya. Chumba cha kwanza amekipa cherehani, maana nayo inasoma cha kwanza tu.”

“Mume wangu.”

“Nani mwingine?”

Mdarizi aliketi. Asubuhi ile ya mwisho mumewe alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi, chai haijanywewa, akasema: “Kila kitu chako kiko kwenye flashi. Usiipoteze.” Kisha akaondoka na hakurudi.

Baada ya mazishi aliifungua flashi ile kwenye cherehani. Alikuta faili za cherehani tu, zote zina jina la marehemu. Hakuna picha ya daftari, hakuna mchoro wa penseli, hakuna hata alama kwamba aliwahi kuwepo.

Niseme wazi, maana yeye mwenyewe hajawahi kumwambia mtu. Miezi minane alikuwa amemkasirikia maiti. Alilia machozi ya mjane mbele za watu, na akibaki peke yake alimsuta: umeniandika nje ya kazi yangu, ukaniaga kwa uongo. Sasa aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

“Laptopu yake,” alisema ghafla. “Ndiyo iliyoigawa. Ndiyo itakayoifungua.”

“Iko wapi?”

“Kwa wifi. Aliichukua wiki ileile ya mazishi. Alisema watoto wake wasomee.”

Walitazamana. Fundi akaichomoa flashi, akamwekea kiganjani, naye akaifumbata.

Saa tisa na robo walikuwa barabarani, Mdarizi mbele, Fundi nyuma na begi lake la vyombo linamgonga kiunoni. Mwenye duka la kuchapa kadi alikuwa na kompyuta mpya, ilijulikana mtaa mzima kwa jinsi alivyoringa nayo. Walikuta kufuli. Mdarizi alilitikisa kufuli lile kama vile lingemsikiliza.

“Ametoka,” alisema mama wa duka la jirani. “Ameenda kunyoa.”

“Anarudi saa ngapi?”

“Kichwa chenyewe kikubwa, sijui.”

Kinyozi alisema amekwishaondoka. Wakarudi dukani, kufuli bado. Saa kumi kasoro dakika kumi. Mdarizi hakuwa na la kufanya ila kwenda kikaoni mikono mitupu, na flashi iliyojaa vitu asivyoweza kuvionyesha.

Alipofungua mlango wa karakana, mtu wa kwanza kumwona alikuwa wifi yake. Alikuwa amekalia kiti cha Mdarizi, kile cha mbele ya cherehani, miguu amekunja nne. Na mapajani mwake, msomaji wangu, alikuwa amepakata laptopu ya marehemu.

Kitu alichokikimbilia mtaa mzima kimeletwa hadi mlangoni pake na adui yake.

Baba Mkwe alikuwa amesimama dirishani. Ni seremala mstaafu, mtu wa maneno machache, na bado anatembea na futi kamba mfukoni. Alikuwa ameshika kitambaa cha Tausi, hakitazami mbele. Amekigeuza nyuma, anachunguza mafundo ya uzi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umechelewa dakika mbili. Kaa.”

Pa kukaa hapakuwa. Alibaki wima.

“Anza wewe,” Baba Mkwe alimwambia binti yake.

Wifi akafunua laptopu. “Sina maneno mengi, baba. Ushahidi huu hapa. Michoro yote iko kwenye kompyuta ya kaka. Tausi huyu, faili imeandikwa jina lake. Hii nyingine, jina lake. Hii, jina lake. Sasa wifi yangu atuonyeshe wapi pana jina la kwake. Simchukii. Lakini haki ni haki.”

Baba Mkwe alivaa miwani, akasoma jina moja moja, akatikisa kichwa polepole. Lilikuwa jina la mwanawe.

“Na wewe, mwanangu, una nini?”

“Nina flashi, baba.”

“Flashi?” Wifi alidakia. “Si imefutwa?”

Mdarizi alimgeukia. Hata Fundi Bisibisi, aliyekuwa anajifanya hamnazo karibu na mlango, aliinua kichwa.

“Nani amekwambia imefutwa?” Mdarizi aliuliza.

“Mimi... nilidhani. Virusi.”

“Sijasema neno virusi mbele yako, wifi.”

“Basi mwanangu,” alisema Baba Mkwe, na haikujulikana anamwambia nani kati yao. “Flashi inafanya nini?”

“Baba, naomba niichomeke kwenye kompyuta ya mume wangu. Hapo hapo, mbele yako. Hicho tu.”

Pa! Wifi akaifunika laptopu. “Chaji imekwisha.”

“Sasa hivi ilikuwa inawaka.”

“Imekwisha sasa hivi.”

Fundi Bisibisi akakohoa. Akafungua begi lake, akatoa waya mmoja, akatoa wa pili, akatoa na wa tatu, akazipanga juu ya meza ya kukatia nguo kama muuza mikanda. “Ninazo za aina zote,” alisema kwa unyenyekevu. “Mmoja lazima utaingia.”

“Chomeka,” alisema Baba Mkwe.

Waya wa pili uliingia. Mdarizi aliinama kuchomeka flashi, akakosea tundu mara mbili. Mara ya tatu ikakaa.

Kompyuta ililia ting. Ikalia tena ting. Ikalia mara ya tatu.

Vyumba vitatu vilijipanga kwenye kioo, kila kimoja na jina lake. Cha kwanza, MASHINE. Cha pili, MKE WANGU. Cha tatu, KWA BABA.

Mdarizi hakukiona cha tatu. Macho yake yalikwama kwenye cha pili, yakajaa maji, na herufi zikaanza kuogelea. Miezi minane alikuwa anatembea na maneno yale mfukoni mwa aproni yake.

“Fungua,” alisema Baba Mkwe.

Zilimwagika picha. Kurasa za daftari, moja baada ya nyingine, penseli yake, ufutio wake, alama ya kikombe cha chai pembeni. Chini kabisa kulikuwa na video. Fundi akaibofya kwa niaba yake.

Mkono wa mwanamke ulionekana ukichora unyoya wa tausi, kastabini kidoleni. Kisha karakana ikajaa sauti ya mtu aliyezikwa.

“Haya mke wangu, iambie kamera. Huyu tausi ni wa nani?”

“Toa simu hapo, unanizibia mwanga! Ona sasa! Unyoya wa saba umelala upande! Umeniharibia.”

“Usiufute. Mzuri hivyo hivyo. Mimi kesho nitaugeuza mishono kama ulivyo, na nitaandika jina langu kwenye faili ili ukasirike.”

“Thubutu!”

Wakacheka wote wawili ndani ya ile video, kicheko cha watu wasiojua kitu.

Baba Mkwe alikinyoosha kitambaa juu ya meza. Akaanza kuhesabu manyoya kwa kidole chake kinene cha seremala. Moja, mbili, tatu. Alipofika wa saba akasimama. Ulikuwa umelala upande.

“Nimekiangalia kitambaa hiki miaka minne,” alisema. “Nilidhani ni kosa la cherehani.”

Mdarizi alilia, na safari hii hakulia kwa ajili ya watu. Alimlilia mumewe kwa miezi yote minane aliyomnunia.

“Baba, mimi nimekubali!” Wifi alisimama ghafla. “Nimekosea, nimekubali. Cherehani abaki nayo. Na jina abaki nalo. Yamekwisha, tufunge kikao, tusimsumbue zaidi.” Na huku anasema, mkono wake ulikuwa unaifuata flashi.

Mkono wa Baba Mkwe ulifika kwanza.

“Mbona una haraka? Cherehani nitaitolea uamuzi mimi. Na sijamaliza. Hapa pana chumba chenye jina langu.”

Ndipo Mdarizi akakiona. KWA BABA. Kile chembamba, kilichobanwa pembeni.

Hamjawahi kumwona wifi huyu akiomba. Tumekwenda naye wiki ngapi? Hajaomba samahani, hajaomba maji, hata njia haombi, anapita tu. Leo alimshika Mdarizi mkono kwa mikono yote miwili, akamvuta kando hadi kwenye rafu ya nyuzi, na uso wake ulikuwa umepauka.

“Wifi, nakuomba,” alinong’ona. “Mwambie baba chumba hicho kina nywila na huijui. Wewe atakuamini. Umeshapata ulichokitaka. Chomoa tu.”

Na kweli alikuwa ameshakipata. Cherehani ilikuwa pale, uzi wa kijani bado umetungwa. Jina lake lilikuwa limesafishwa mbele ya mtu aliyestahili kuliona. Angeweza kunyoosha mkono, akachomoa, akaenda nyumbani akalale usingizi wa kwanza tangu mazishi. Alimtazama mwanamke huyu aliyemtesa miezi minane, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma.

“Kina nini?” alimuuliza.

“Usiniulize.”

“Kina nini, wifi?”

“Ukikifungua utajua kaka alikuwa anakwenda wapi asubuhi ile. Na hutapenda. Nakwambia kwa wema, hutapenda.”

Wifi alidhani amemtisha. Kumbe alikuwa amegusa kitu kimoja ambacho Mdarizi angekitolea cherehani, na karakana, na paa linalovuja juu yake.

Aliutoa mkono wake taratibu. Akarudi mezani. Baba Mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, miwani machoni, mikono magotini.

“Kina nywila?” aliuliza mzee.

Karakana nzima ilimngoja. Fundi Bisibisi alikuwa ameacha kukunja nyaya zake.

“Hapana, baba,” alisema Mdarizi. “Hakina.”

Akabofya.

Chumba kilikuwa kitupu isipokuwa faili moja. Simu iliyorekodiwa, dakika tatu na sekunde kumi. Pembeni yake kulikuwa na tarehe ya siku ile ya ajali, na saa: kumi na mbili kasoro dakika ishirini, asubuhi. Saa kumi na mbili kamili mumewe alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Mdarizi alibofya tena. Kwanza ulisikika mkwaruzo, kisha pumzi ya mtu.

Sauti iliyotoka haikuwa ya mumewe. Ilikuwa ya wifi yake, analia, anasema: “Njoo upesi, kaka, kabla baba hajaamka. Nimeua mtu.”